Kamera Isimame Wapi: Filamu ya Wim Wenders kwa Ajili ya Pina Bausch

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa ngoma na wa filamu, mabibi na mabwana,

Mmenipa nafasi ya kuzungumza kabla hatujatazama filamu, na mwenyekiti amekwisha kunikumbusha kwa heshima kwamba watu wa kamera wakishapewa kipaza sauti huwa wagumu kukirudisha. Nitajitahidi nikirudishe. Filamu tutakayoitazama inaitwa Pina. Ilitengenezwa na Mjerumani Wim Wenders, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwezi Februari 2011, na mwaka uliofuata ikawamo katika orodha ya filamu za hali halisi zilizowania tuzo ya Oscar. Imetengenezwa kwa ajili ya mtunzi wa dansi Pina Bausch, aliyefariki dunia tarehe 30 Juni 2009. Ninapotamka neno dansi najua baadhi ya wazee waliokaa mbele wanasikia tarumbeta za Msondo na Sikinde, na sina ugomvi nao hata kidogo. Ila jioni hii ninasema juu ya dansi ya jukwaani, ile ambayo mtu mmoja huitunga kwa miili ya wenzake kama mshairi anavyotunga kwa maneno, na ambayo mtunzi wake akishazikwa haisomeki katika daftari lolote bali hubaki magotini, mabegani na katika pumzi za wale walioicheza.

Nina swali moja tu la kuwaletea, nalo ni la fundi zaidi kuliko la msomi: mtu anapotaka kumuenzi mtunzi wa dansi kwa filamu, kamera aisimamishe wapi? Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata kwa kukosea.

Nilipokuwa kijana, nikiwa na kamera ya kuazima, niliombwa kumrekodi mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa ngoma ya sindimba, na watu walioniomba walijua kuwa afya yake imekwisha kuwa mbaya. Nilifanya kazi ile kwa bidii zote. Nilichukua uso wake, nikachukua jasho lililokuwa likimtiririka shingoni, nikachukua vidole vya wapiga ngoma na watoto waliokuwa wamepanda juu ya mwembe ili waone vizuri, na nilirudi nyumbani nikijiona nimeshakuwa mtu wa sinema. Mzee alipofariki, wanafunzi wake walikusanyika siku ya arobaini kuitazama kanda ile. Sasa ninyi mnajua kwamba kazi ya sindimba iko kiunoni na miguuni. Katika dakika zaidi ya thelathini za kanda yangu hapakuwa na hata picha moja iliyomwonyesha mwalimu kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Mama mmoja aliyekuwa amecheza naye kwa miaka mingi alitazama mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko tusi: “Mwanangu, mwalimu umemchukua, ngoma umeiacha.”

Nimelibeba neno lile mpaka leo, na ndilo lililonifanya nimheshimu Wenders kwa jambo ambalo wengine wamelicheka, yaani kwamba alikaa zaidi ya miaka 20 akisema anataka kumtengenezea Pina Bausch filamu na huku hainui kamera.

Habari yenyewe ilianzia Venice mwaka 1985. Wenders hakuwa mpenzi wa dansi. Mwenzake ndiye aliyemshurutisha kwenda kutazama, naye amesimulia mara nyingi kwamba alikuwa radhi kubaki akitembea mjini. Kazi iliyochezwa usiku ule ilikuwa Café Müller, ambayo Pina aliitunga mwaka 1978. Jukwaa limejaa viti na meza kama mgahawa uliofungwa usiku. Mwanamke mwenye gauni jepesi jeupe anatembea huku amefumba macho, na mwanamume mmoja anakimbia mbele yake akivisukuma viti pembeni, kimoja baada ya kingine, ili asije akajikwaa. Mahali pengine mwanamume na mwanamke wamekumbatiana wamesimama. Anakuja mtu wa tatu, anawatenganisha mikono, anawapanga upya, anamlaza mwanamke juu ya mikono ya mwanamume kama mtu anayebebwa, kisha anaondoka. Mwanamume anashindwa kumshikilia, mwanamke anaanguka chini, anainuka haraka na kurudi katika lile kumbatio la mwanzo. Mpangaji anarudi. Anawapanga tena, mwanamke anaanguka tena. Jambo hili linarudiwa kwa kasi inayozidi, mpaka mpangaji anaondoka kabisa na wale wawili wanaendelea peke yao kuangushana na kukumbatiana. Ukisimuliwa hivi unaweza kudhani ni mchezo wa kuchekesha, na kwa kweli huwa watu wanacheka mwanzoni. Wenders alijikuta analia, akiwa hajui analilia nini.

Walipokutana baada ya hapo alimwambia Pina kwamba ni lazima watengeneze filamu pamoja, na kadiri miaka ilivyopita Pina ndiye aliyekuwa akimkumbusha. Kila walipoonana swali lilikuwa lile lile, na jibu la Wenders lilikuwa lile lile pia: bado sijui jinsi ya kuifanya. Alikwisha kutazama dansi nyingi zilizorekodiwa, na kila mara aliona kama kuna ukuta usioonekana kati ya kamera na kile kilichokuwa kikitendeka jukwaani. Nadhani kila mmoja wetu aliyewahi kurekodi ngoma anaufahamu ukuta huo. Ukiiweka kamera mbali, watu wanakuwa kama sisimizi juu ya sahani. Ukiisogeza karibu, unapata uso na kupoteza mwili, kama nilivyopoteza mimi. Na ukichanganya vyote viwili kwa kukatakata picha, unakuwa umetunga mdundo wako mwenyewe juu ya mdundo wa mwenye kazi.

Inafaa niseme kidogo Pina alikuwa nani. Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Solingen, wazazi wake wakiendesha mgahawa, na utotoni alikuwa akijificha chini ya meza akiwatazama wateja. Kwa hiyo viti na meza za Café Müller hazikutoka mbali. Akiwa na umri wa miaka 14 aliingia shule ya Folkwang mjini Essen, kwa mwalimu Kurt Jooss, baadaye akaenda New York kusoma Juilliard, na mwaka 1973 akapewa kikundi cha baleti cha mji wa Wuppertal, mji wa viwanda ambao watu wake walikuwa wamezoea viatu vya ncha na sketi za hariri nyepesi. Alichowaletea kilikuwa kitu kingine kabisa, na miaka ya mwanzo baadhi ya watazamaji walikuwa wakiinuka katikati ya onyesho na kuondoka wakibamiza milango. Mwaka 1975 alimwaga udongo jukwaa zima na kuwachezesha wachezaji wake juu yake kwa muziki wa Stravinsky wa mwaka 1913, ule wa kafara ya msimu wa kuchipua, hadi mwisho wa onyesho wakawa wamepakaa udongo usoni na nguo zimewaganda mwilini kwa jasho.

Katika mazoezi alikuwa na mtindo wake, nao ndio ufunguo wa filamu yenyewe, kwa hiyo naomba tuutulie. Baada ya miaka michache ya mwanzo aliacha kuwapa wachezaji hatua za kuiga, aliwauliza maswali. Aliweza kuuliza juu ya utoto wao, juu ya hofu, juu ya namna mtu anavyofanya anapotaka kupendwa, na mchezaji akajibu kwa maneno, au kwa tendo, au kwa mwendo. Yeye alikaa mezani akitazama na kuandika, na katika mamia ya majibu alichagua machache, akayaunganisha, akayapangilia kwa muziki. Kwa hiyo kila kazi yake imetungwa kwa maisha ya watu waliokuwamo chumbani, na wengi wao walikaa naye kwa miongo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumrekodi kwa kurekodi hatua peke yake, kwa sababu hatua ni jibu. Swali lilikwisha kuulizwa na mlango umefungwa.

Mwaka 2007, katika tamasha la Cannes, Wenders alitazama filamu ya 3D ya tamasha la bendi ya U2, na humo akaona alichokuwa akikitafuta. Niwaeleze wanafunzi jinsi inavyofanya kazi, kwani watu wengi wanadhani 3D ni ya kurushia watazamaji mishale usoni. Kamera hapa ni mbili, zimeunganishwa zitazame kitu kimoja kutoka sehemu mbili zilizoachana kidogo, kama yalivyoachana macho yetu. Kila jicho la mtazamaji, kwa msaada wa miwani, linaletewa picha yake, na ubongo unaziunganisha na kuona kina. Kwa mpiga picha wa dansi kina ndicho kila kitu. Mchezaji hafanyi kazi juu ya ukuta. Anafanya kazi ndani ya chumba, na nusu ya maana ya anachokifanya ni umbali kati yake na mwenzake. Viti vya Café Müller vikionyeshwa katika picha bapa ni vurugu tu. Vikionyeshwa kwa kina vinakuwa msitu, na unamwogopea yule mwanamke.

Si kwamba mambo yalikuwa rahisi. Teknolojia ile ilikuwa changa, na katika majaribio ya kwanza mkono uliopungwa kwa kasi ulionekana kama mikono mingi iliyoachana, kwa sababu fremu 24 kwa sekunde hazitoshi kwa mwendo wa namna hiyo ukiutazama kwa macho mawili. Kamera mbili na vifaa vyake zilikuwa nzito mno kushikwa mkononi, ikabidi zipandishwe kwenye kreni kubwa iliyonyoosha shingo yake juu ya jukwaa na kuingia katikati ya wachezaji, na kwa hiyo kila mwendo wa kreni ulilazimu ujulikane kabla, kama mchezaji mmoja wa ziada aliyefanya mazoezi pamoja na wenzake. Jambo hili linanifurahisha kuliko yote katika historia ya filamu hii: ili kamera ipate mahali pa kusimama, ililazimika kwanza ijifunze dansi.

Pina mwenyewe alichagua kazi nne za kurekodiwa: ile ya udongo ya mwaka 1975, Café Müller, Kontakthof na Vollmond. Yeye na Wenders walipanga kufanya kazi bega kwa bega, na majaribio ya 3D pamoja na kikundi yalikuwa yamepangiwa tarehe. Siku mbili kabla ya majaribio hayo, Pina akafariki. Ilikuwa siku tano tu tangu aambiwe kuwa ana saratani. Wenders alisimamisha kila kitu. Alisema filamu ilikuwa ya watu wawili, na mmoja hayupo.

Waliombadilisha mawazo ni wachezaji. Walikuwa wamekwisha kuanza mazoezi ya kazi zilezile zilizochaguliwa, na walimwambia kwamba sasa ndipo zirekodiwe, maana zingali katika miili yao na macho ya Pina yangali juu yao. Mfiwa hakai chini akasubiri. Anaulizwa nani atachimba, nani atapika, na kazi inagawanywa. Ndivyo ilivyokuwa, na maandishi ya filamu yanasema wazi kwamba ni filamu kwa ajili ya Pina. Wenders hakudai kuwa inasimulia habari za Pina, na mtazamaji anayetaka kujua mama huyu aliolewa na nani, alivuta sigara ngapi, aligombana na nani, atatoka ukumbini mikono mitupu.

Wenders alipobaki na wachezaji peke yao, aliazima mtindo wa marehemu. Alimwuliza kila mmoja maswali juu ya Pina, akaomba majibu yawe ya dansi, tena kwa mwendo ambao Pina mwenyewe aliwahi kuuona au kuutunga pamoja na mchezaji huyo. Mtakapoitazama filamu mtaona nyuso zao zikikaa mbele ya kamera kimya, midomo imefungwa, na sauti zao zikisikika juu yake kana kwamba tunasikia wanachokiwaza. Wengine hawasemi kitu kabisa. Mara ya kwanza nilidhani ni ufundi wa kujionyesha. Baadaye nikakumbuka jinsi wafiwa wanavyokaa kwenye mkeka, watu wakiwatazama, na hakuna anayemlazimisha mwenzake kuzungumza.

Halafu anawatoa nje. Majibu yao wanayacheza mjini, katika njia panda zenye magari, katika bwawa la kuogelea, kwenye mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa mjini Essen, na ndani na chini ya ile treni ya Wuppertal inayoning’inia kwenye reli yake juu ya mto tangu mwaka 1901. Mmoja anasimama mbele ya kiwanda, anaonyesha vipande vya nyama ya ndama, anavisindika ndani ya viatu vyake vya baleti, kisha anacheza juu ya ncha za vidole. Yeyote aliyewahi kuona nyayo za mchezaji wa baleti hahitaji kufafanuliwa.

Jambo moja la lawama nitalisema, kwani nisipolisema nitakuwa nimekuja hapa kusifu tu. Filamu inazikata zile kazi nne. Hutaiona hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Unapewa sehemu, unahamishwa, unarudishwa. Mahali pamoja mkato huo unazaa kitu ambacho jukwaa lisingeweza kukizaa: Kontakthof ilikwisha kuchezwa na kikundi chenyewe, ikachezwa na watu wa mjini waliopita umri wa miaka 65, kisha na vijana wa shule, na Wenders anaunganisha makundi hayo matatu ndani ya tendo moja, hata mtu anageuka akiwa kijana na kumaliza kugeuka akiwa mzee. Lakini kafara ya udongo haikufaa kukatwa. Nguvu yake iko katika uchovu, na uchovu hauwezi kuonyeshwa kwa muhtasari.

Kwa sababu hiyo, wanafunzi, mtakapopata nafasi itafuteni na ile filamu iliyotoka mwaka 2020 kutoka Senegal. Kazi ileile ya mwaka 1975 ilikuwa imefundishwa upya kwa wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika, katika shule ya dansi ya Germaine Acogny huko Toubab Dialaw, na waliowafundisha ni watu waliowahi kuicheza chini ya Pina mwenyewe, wakiitoa miilini mwao na kuitia katika miili mingine. Mwezi Machi 2020 onyesho la kwanza likazuiwa na korona. Kabla ya kutawanyika waliicheza nzima ufukweni, jua likizama, mchanga ukishika nafasi ya udongo, na Florian Heinzen-Ziob akairekodi. Hakuna miwani wala hakuna viti vya ukumbi. Kamera inatulia, inakwenda na wachezaji na kuwaacha wachoke, na mwanga unapungua kwa kasi yake yenyewe. Nilipoiona nilijiuliza kama Wenders angehitaji kina cha 3D iwapo angekuwa na bahari nyuma ya wachezaji wake. Sina uhakika. Nadhani ukumbi wa Wuppertal ulikihitaji na ufukwe haukukihitaji.

Kuna sehemu moja ndogo ambayo nawaomba msiikose usiku wa leo. Ni picha za zamani, Pina anasimulia jinsi aliporudi kuicheza Café Müller akashindwa kuipata tena ile hisia ya mwanzo. Macho yalikuwa yamefumbwa kama zamani na mwendo ulikuwa uleule, lakini kitu kilikuwa hakipo. Akaja kugundua kwamba tofauti ilikuwa nyuma ya kope: je, macho yaliyofumbwa yanatazama chini, au yanatazama mbele? Aliporekebisha hilo, hisia ikarudi. Mimi ninayeishi kwa kamera nilisikia jambo hilo na nikabaki nimeduwaa, kwa kuwa hakuna lenzi iliyotengenezwa inayoweza kulichukua, na bado mtazamaji aliyekaa kiti cha nyuma kabisa analiona.

Ukumbi wetu hauna mashine ya 3D, kwa hiyo tutaitazama Pina ikiwa bapa, na kina mtakijaza wenyewe. Kuhusu yule mama wa sindimba, bado yu hai, na mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu nikamwomba aniruhusu nimrekodi yeye na wajukuu zake. Nilimwuliza niiweke wapi kamera. Alizunguka uwanja mara mbili akitazama chini, akapiga mguu mahali pamoja karibu na wapiga ngoma, akasema hapa. Kisha akaniambia nije asubuhi kabla mchanga haujawaka, na nikifika nivue viatu.